Maswali ya wasomaji: Nataka kuuza nyumba, nianze na rangi au na karatasi?

Mwezi huu maswali mengi yaliyokuja ni ya watu wanaotaka kuuza nyumba, na karibu wote wanauliza rangi gani ipigwe. Nimechagua manne. La kwanza nimelijibu kwa urefu kwa sababu ndani yake yamo ya wengi, kwa hiyo hata kama hukai Kimara lisome tu.

SWALI: Habari za kazi dada. Mimi na mume wangu tuna nyumba Kimara, vyumba vitatu, sebule, jiko la ndani na choo ndani, tumeishi hapo tangu 2012. Sasa kazi ya mume imehamia Dodoma moja kwa moja kwa hiyo tumekubaliana tuuze tukajenge huko. Tuna kama milioni 4 za kurekebisha nyumba kabla ya kuuza. Dalali anasema tupige rangi nyumba nzima na tuweke jipsamu sebuleni eti wateja wa saivi ndo wanachotaka, jirani anasema tuuze hivi hivi tusipoteze hela. Chumba cha nyuma ukuta unapanda unyevu kila masika, rangi inavimba inabanduka. Karatasi tulizonazo ni ya mauziano ya kiwanja tuliyoandikishana ofisi ya serikali ya mtaa, na tulipimiwa kwenye urasimishaji ila hati hatukufuatilia tena. Jina lililoandikwa ni la mume. Tuanzie wapi? *Mama wa watoto wawili, Kimara*

JIBU: Nzuri dada yangu, na hongereni kwa kukubaliana kabla ya kuanza maana nyumba nyingi zinakwama hapo hapo mwanzo.

Anzeni na hati. Najua mlitegemea niseme ukuta lakini ngoja nieleze. Nyumba ya karatasi ya mauziano inanunuliwa na mtu mwenye keshi mkononi basi, na huyo mtu anajua kabisa hamna hati, kwa hiyo atawashusha bei mpaka mshangae, na mkikataa anakwenda kwa mwingine mtaa wa pili mwenye shida kama yenu. Mtu anayenunua kwa mkopo wa benki hawezi kabisa kuja kwenu kwa sababu benki haiweki rehani karatasi ya mtaa, inataka hati miliki. Sasa nyie mlishapimiwa, yaani kazi ngumu imeshafanyika, bikoni, zile alama za mipaka, ziko ardhini na ramani ipo, kilichobaki ni kufuatilia ofisi ya ardhi, kulipa ada na kodi ya pango la ardhi, na kusubiri. Nendeni na karatasi ya mauziano, vitambulisho vya NIDA na namba ya kiwanja mliyopewa siku ya upimaji, muulize faili lenu limeishia wapi. Toeni hela ya hiyo kazi kwanza kwenye hiyo milioni 4, itakayobaki ndo tuizungumzie nyumba. Na mkifika huko msikubali mtu wa pembeni awaambie atawasaidia fasta mkamuachia karatasi halisi, fuateni dirishani na mdai risiti yenye namba ya malipo ya serikali.

Kabla mteja hajaja tafuteni bikoni zenu ziko wapi. Wengi wamezifukia, wamepanda maua juu au wamejenga banda la kuku. Mteja makini anakuja na mtu wa vipimo, na akikuta bikoni moja haionekani anaanza kuwa na wasiwasi na nyumba nzima hata kama kila kitu kiko sawa. Na kwenu Kimara watu hawajasahau 2017, nyumba nyingi kuanzia Kimara mpaka Kiluvya zilivunjwa kupisha upanuzi wa barabara ya Morogoro. Swali la barabara litakuja tu, hilo msiwe na shaka. Kama mko mbali na hifadhi ya barabara muwe na ramani mkononi ya kuonyesha. Kama mko karibu na bonde au mto pia mjue sheria ya mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mto, na wanunuzi wa Dar wanaijua hiyo namba vizuri kuliko sisi.

Haya, ukuta. Hapa naomba mnisikilize sana kwa sababu ndo sehemu ambayo watu wanadhulumiana. Kuna fundi atawaambia piga puti, piga undakoti, piga rangi ya mafuta, itakaa. Itakaa miezi mitatu. Mtauza kiangazi, familia nyingine itaingia na watoto wao, masika ya Machi yakifika ukuta unavimba na fangasi inarudi, na mtoto akiwa na pumu ndo analala hapo. Msifanye hivyo. Tena mkifanya, mnunuzi anaweza kurudi na mwanasheria wake kwamba mlificha kitu mlichokijua, mkaanza kusumbuana mpaka Dodoma.

Unyevu una chanzo, mkakitafute. Zungukeni nyuma ya hicho chumba muangalie udongo wa nje umefika wapi ukilinganisha na sakafu ya ndani. Kimara ni vilima, nyumba nyingi zimechimbwa ubavuni mwa mlima na udongo wa upande wa juu umepanda mpaka umegusa ukuta, kwa hiyo maji ya mvua yanakaa yanaegemea tofali usiku kucha. Angalieni na gata, kama haipo au imetoboka basi maji ya bati lote yanamwagika chini ya ukuta ule ule. Muulizeni fundi aliyejenga kama aliweka ile nailoni ya kuzuia unyevu juu ya msingi, wengi hawakuweka. Na kama plasta ilichanganywa na mchanga wenye chumvi mtaona unga mweupe unatoka ukutani hata kiangazi, huo ni chumvi.

Dawa yake inachosha lakini haina hela nyingi. Chimbeni udongo wa nje ushuke chini ya usawa wa sakafu, angalau sentimita 15, muweke mfereji mdogo wa kupeleka maji pembeni. Wekeni gata yenye bomba la kushusha maji mbali na msingi. Ndani mbandue plasta iliyooza kuanzia chini mpaka juu ya pale unyevu ulipoishia, halafu, na hapa ndo watu wanashindwa, ACHENI UKUTA UKAUKE. Wiki kadhaa madirisha wazi. Mkimaliza mnapiga plasta mpya yenye dawa ya kuzuia maji, inakauka tena, ndo rangi. Kwa hiyo hii kazi ianze mvua zikiisha, Juni hivi, msianze Aprili mkamlaumu fundi. Na mteja akija mwambieni wazi chumba hiki kilikuwa na unyevu, tumefanya moja mbili tatu, picha za kabla na za kazi hizi hapa. Mimi ningekuwa nanunua, mwenye nyumba anayeniambia hivyo ningemwamini na vingine anavyosema.

Jipsamu wekeni pembeni kabisa. Mtu anayenunua nyumba ya vyumba vitatu Kimara ana ladha yake, atabomoa hiyo jipsamu yenu aweke ya kwake, mmelipa bure. Hela itakayobaki nendeni na vitu ambavyo mteja anavigusa kwa mkono. Mlango wa mbele ambao hadi uuvute kwa nguvu, kitasa kinachozunguka bila kufunga, koki inayodondosha, swichi iliyopasuka, choo kisichovuta maji, kioo cha dirisha chenye ufa na wavu wa mbu uliotoboka. Mteja akikuta vitu sita vidogo vibovu anajumlisha kichwani, anasema hawa kama koki imewashinda shimo la choo watakuwa wameliacha lifikie wapi. Na kweli mliangalie hilo shimo, fungueni chemba zote, kama limejaa liiteni gari la maji taka mapema, harufu ikimpokea mteja getini hata kama sebule ina taili za Italia ameshaondoka moyoni. Pandeni na kwenye bati, misumari iliyolegea na fishabodi, zile mbao za ukingo wa paa, zilizooza zinaonekana toka barabarani.

Rangi pigeni sebule na mbele ya nyumba tu, rangi moja ya kutulia, nyeupe ya maziwa hivi, vyumba vingine vioshwe kuta. Ila punguzeni vitu ndani. Tunaishi na makochi makubwa, kabati la vyombo, friji mbili, masanduku juu ya kabati, sebule ya mita nne inaonekana chumba cha stoo. Kwa kuwa mnahama hata hivyo anzeni kufunga sasa, vitakavyokwenda Dodoma vitangulie.

Jina kuwa la mume tu haliondoi haki yako. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema nyumba ya wanandoa haiuzwi na mmoja bila ridhaa ya mwenzake, kwa hiyo mnunuzi mwenye akili atataka sahihi yako, na wewe saini ukiwa umesoma na kuelewa. Hata kwenye hati mnayofuatilia ulizeni kuandikwa wote wawili, sasa ndo wakati.

Kodi pia msiipuuze mpaka siku ya mwisho. Ukiuza nyumba kwa faida TRA wanachukua asilimia 10 ya faida kwa mkazi wa Tanzania, kwa faida naomba mnielewe, si kwa bei yote. Sheria inasamehe nyumba ambayo umeimiliki na kuishi mwenyewe kwa miaka mitatu au zaidi endapo faida haizidi milioni 15. Nyie mmeishi zaidi ya hapo lakini faida yenu ya tangu 2012 inaweza kuzidi, kwa hiyo tafuteni risiti zote, za bati, nondo, saruji, taili, mafundi, za sasa mdai za EFD, ile mashine ya kodi, maana gharama hizo zinapunguza faida inayohesabiwa. Wasio na kumbukumbu za gharama wanahesabiwa kwa utaratibu mwingine, nendeni ofisi ya TRA wawapigie hesabu KABLA hamjataja bei kwa mtu. Kuna na ushuru wa stempu asilimia 1 na gharama za mthamini, kubalianeni kwenye mkataba nani analipa nini. Kodi ya majengo tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU kwa hiyo hiyo labda iko sawa, ila ankara ya maji malizeni, na pango la ardhi likishaanza kudaiwa lilipwe.

Dalali mwambieni asilimia yake iandikwe. Mpeni picha za nyumba, picha za asubuhi mapazia yakiwa wazi, lakini picha ya hati msimpe. Naona watu wanarusha hati kwenye magrupu ya WhatsApp namba inaonekana, jina linaonekana, na hapo hapo kuna mtu anaidownload anakwenda kutengenezea ya bandia. Mnunuzi wa kweli apewe namba aende mwenyewe ofisi ya ardhi kufanya sachi, yaani kuangalia kumbukumbu za kiwanja, na hati halisi aione kwa macho tu mbele ya mwanasheria.

SWALI: Shikamoo mama. Baba yetu alifariki mwaka juzi akaacha nyumba Temeke, tuko watoto sita na mama yupo anaishi humo. Tumekubaliana iuzwe tugawane. Kaka mkubwa ashapata mteja na ashapokea advansi ya milioni 5 ili tutengeneze nyumba ipendeze, yeye ndo anasimamia. Mimi naona kama tunakimbia. Je tufanye matengenezo gani ya haraka? *Mtoto wa tano, Temeke*

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni na msiba.

Usichukue hata brashi. Nyumba hiyo kwa sasa haina muuzaji. Kaka kuwa mkubwa hakumfanyi msimamizi wa mirathi, msimamizi anateuliwa na mahakama, na mpaka ateuliwe hakuna mtu mwenye mamlaka ya kuiuza, hata mkikubaliana wote sita mezani. Mteja aliyetoa milioni 5 naye yuko kwenye hatari na ni haki yake aambiwe leo. Hiyo hela iandikwe kwenye karatasi imetoka kwa nani na iko wapi, na kama bado ipo ningeshauri irudishwe, akiwa bado anaitaka nyumba atarudi mkiwa na mtu halali wa kusaini. Kama ilishaanza kuliwa basi kaka aseme mbele ya wote, mapema, kabla haijawa kesi.

Utaratibu hauna siri. Mnachukua cheti cha kifo RITA, mnakaa kikao cha familia mnaandika muhtasari mnapendekeza jina, mnapeleka mahakama ya mwanzo, mahakama inatoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze, kisha inamteua. Nyie wa Temeke mna kituo jumuishi cha mahakama cha mirathi na ndoa kilichofunguliwa 2021, huduma nyingi ziko jengo moja, nendeni hapo muulize. Msimamizi akishateuliwa ana miezi minne ya kuorodhesha mali na kutoa hesabu mahakamani, na anahamisha jina la hati kwenda kwake kama msimamizi, hapo sasa anaweza kuuza.

Ila mwanangu kwenye barua yako yote mama umemtaja mstari mmoja tu, anaishi humo. Mama ataenda wapi? Umesema mgawane lakini hukusema kama yeye ameulizwa. Kama mirathi inakwenda kiislamu mjane mwenye watoto ana thumuni yake, moja ya nane, na kama nyumba au sehemu yake alichuma pamoja na baba kuna haki yake nyingine kabla ya kugawa, mwanasheria awaeleze. Hata mkishajua hesabu, moja ya nane ya nyumba ya Temeke haimnunulii mama pa kuishi. Familia ninazozifahamu zilizomaliza hili vizuri zilimtafutia mama nyumba ndogo kwanza, kila mtoto akachangia kwenye fungu lake, ndo wakauza. Kaeni mlizungumze hilo naye akiwepo na asiwe amekwenda jikoni kupika chai.

Kazi za nyumba mnazoweza kuanza bila mahakama ni za usafi tu, vitu vya baba vikusanywe kwa heshima kila mmoja aseme anachoomba, karatasi zake zote ziwekwe boksi moja maana humo ndo mtakuta mkataba wa kiwanja na risiti za pango. Karatasi zilizopo kwenye masanduku ya wazee msichome moto kabla hamjasoma kila moja.

SWALI: Nina nyumba ya kupangisha Sinza nataka kuiuza, ina wapangaji wanne. Wawili wameshalipa kodi ya miezi sita mbele. Mmoja kila nikimleta mteja anafunga mlango anaondoka na funguo. Nimtoe kwanza ndo niuze?

JIBU: Usimtoe kwa hasira, ndugu yangu. Ana mkataba, na mnunuzi anaichukua nyumba pamoja na mikataba iliyomo, kwa hiyo mtu aliyelipa miezi sita anakaa miezi yake labda mkubaliane vingine na umrudishie hela yake iliyobaki. Huyo anayefunga mlango jiulize umemwambia nini mpaka sasa, maana mara nyingi mpangaji anasikia habari kwa dalali, anaona watu wageni wanachungulia kitandani kwake Jumanne saa mbili asubuhi, lazima aogope. Kaa nao wote wanne, waambie unauza, lini, na kodi yao iko salama kiasi gani. Pangeni siku moja ya wateja kwa wiki, Jumamosi mchana kwa mfano, na uwapunguzie kidogo kodi ya mwezi huo kwa usumbufu, utashangaa vyumba vitakavyokuwa visafi. Mnunuzi muonyeshe mikataba yote na kodi uliyokwishapokea, ile ya miezi inayobaki baada ya kuuza ni ya kwake ikatwe kwenye bei. Kwa Sinza nyumba yenye wapangaji walipaji inauzika vizuri tu kwa mtu anayetafuta kipato, tena ina bei kuliko iliyohamwa ikabaki na matundu ya misumari.

SWALI: Assalaam aleikum dada. Mimi ni Mtanzania naishi Muscat, nina nyumba Tanga mjini imefungwa, funguo anazo mtoto wa dada yangu. Siwezi kuja mwaka huu. Inawezekana kuandaliwa na kuuzwa nikiwa huku?

JIBU: Waaleikum salaam kaka yangu. Inawezekana. Unatengeneza hati ya uwakili, yaani karatasi ya kumruhusu huyo mtoto wa dada yako akuuzie, uisaini mbele ya ofisa wa ubalozi wetu hapo Muscat, itumwe nyumbani isajiliwe kwa Msajili wa Hati, ndo itumike. Usiiandike ya jumla kwamba afanye lolote, iandike nyumba hii tu, namba ya kiwanja hii, bei isishuke chini ya kiasi hiki, na malipo yaingie akaunti ya benki yenye jina lako. Huo mstari wa benki unamlinda hata huyo kijana, maana hela za nyumba zikipita mkononi mwa ndugu maneno hayaishi. Kodi ya faida kwa asiye mkazi iko juu kuliko ya mkazi kwa hiyo mtume aulize TRA Tanga mapema wewe unahesabiwa kundi gani.

Nyumba iliyofungwa Tanga, na joto lile na hewa ya bahari, inaharibika haraka kuliko inayokaliwa. Mwambie aanze na kufungua madirisha yote mchana wiki nzima, agonge mbao za dari na fremu za milango kwa nyuma ya bisibisi asikilize kama ndani kumebaki mvungu, huko mchwa wameshakula, apige dawa kabla ya kubadilisha mbao yoyote. Mabomba yafunguliwe yatiririke mpaka maji ya kutu yaishe, bawaba na grili zilizoshika kutu zisuguliwe zipakwe rangi ya chuma. Akurushie video akitembea chumba kwa chumba bila kukata, nje azunguke mpaka kwenye mipaka, na majirani wa pande zote awasalimie kwa jina lako na kuwaambia nyumba inauzwa, maana mara nyingi jirani ndo anakuwa wa kwanza kuitaka.